Kufufua, kununua, kuagiza au kukerezesha: njia nne za kubadilisha robine ya petroli kwenye pikipiki ya zamani

Yamaha DT125 niliyoachiwa na baba mdogo ilianguka kwa ubavu wa kushoto kwenye barabara ya Kipushi, taratibu tu, kama mbuzi anayejilaza, lakini jiwe moja likakutana na robine ya petroli. Kishikio kilikatika, bodi ikapata ufa mwembamba kama unywele, na kuanzia usiku huo koridoni kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, kukawa na harufu iliyomfanya mama watoto ahamishie mbabula (jiko la makaa) uani. Nilipouliza nifanye nini, watu wanne walinipa majibu manne, na kila mmoja alikuwa na hakika na lake. Mmoja aliniambia nifufue ileile, wa pili ninunue mpya sokoni, wa tatu niagize ya asili kutoka nje, na wa nne, mzee aliyestaafu karakana, aliniambia nimpelekee mkereza vyuma. Tangu hapo nimezipitia njia zote nne, nyingine kwa pikipiki yangu na nyingine kwa pikipiki za jirani, na hapa chini nazilinganisha kwa ajili ya mtu aliyekwama pale nilipokuwa nimekwama.

Neno moja kuhusu majina. Robine ndiyo ile ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita koki, yaani kifaa kilicho chini ya tangi chenye nafasi tatu: wazi, funga na akiba. Nami nikiandika petroli, nina maana ya esanse ya pampu, si yale mafuta ya taa ambayo huku kwetu ndiyo yaliyochukua jina hilo.

Kwanza uhakikishe kwamba mkosaji ni robine

Injini ikizimika baada ya kilometa chache, kisha ikakubali kuwaka ukishapumzika, fungua kifuniko cha tangi kabla ya kugusa kitu kingine. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mluzi, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na robine mpya haitakusaidia kitu. Petroli ikidondoka kutoka kwenye mrija wa kumwagia wa kabureta, sindano ya floti (ile inayozuia petroli kabureta ikishajaa) haikai vizuri, ingawa robine nayo haijatoka hatiani, kwa maana ingekuwa inafunga sawasawa, kabureta isingepata cha kumwaga usiku kucha. Kwa injini ya mapigo manne jambo hili si la kuchezea: petroli inayopita kwenye kabureta huteremka ndani ya silinda hadi kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinasagana. Angalia kijiti cha oili. Kama kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, na kijiti kinanuka petroli, mwaga oili yote kabla ya kupiga kiki hata moja.

Ikithibitika kwamba ni robine, ifungue uone kilichoharibika hasa, kwa sababu uamuzi wote unategemea hapo. Robine ya kawaida ya Kijapani haina mengi ndani. Kuna bodi ya aloi ya zinki au ya aluminiamu, kuna gasketi ya mpira yenye matundu manne, kuna kishikio kinachozunguka juu ya gasketi hiyo, kuna wosha ya springi iliyopindapinda kama wimbi inayokikandamiza kishikio, na kuna bamba lenye skrubu mbili linalovishika vyote. Chini kuna kikombe cha mashapo chenye oringi, na juu, ndani ya tangi, husimama mrija mmoja mrefu wenye chujio la wavu. Kishikio kikiwa kwenye nafasi ya wazi, petroli huingilia juu ya mrija mrefu. Kikiwa kwenye akiba, huingilia tundu lililo chini kabisa. Akiba ni kile tu kilichobaki chini ya ncha ya mrija, wala hakuna tangi la pili lililofichwa mahali.

Mpira uliochakaa na bodi iliyopasuka ni magonjwa mawili tofauti. Watu wengi hununua robine nzima kwa sababu ya gasketi ndogo kuliko sarafu.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni kukaa kwenye tangi: je, umbali wa matundu ya skrubu, au kipimo cha nati, unalingana, na je, kishikio na mdomo wa kutolea vinaelekea upande usiogusa injini? Cha pili ni kuziba, yaani robine ikifungwa inafunga kweli, na ikiwa wazi haivuji pembeni. Cha tatu ni mtiririko na akiba. Cha nne ni uhai wake, pamoja na kama inaweza kufunguliwa na kutengenezwa tena. Cha tano ni gharama na muda. Sura ya asili ya pikipiki sikuifanya kigezo cha peke yake, kwa kuwa wengine inawanyima usingizi na wengine hawaioni kabisa. Nitaitaja pale inapohusika.

Kuhusu mtiririko, hesabu yake ni rahisi na inafaa kuwekwa mapema. Tuseme pikipiki ya 125 inakunywa lita 3 kwa kilometa 100. Ukienda kwa kilometa 60 kwa saa, unatumia lita 1.8 kwa saa, yaani mililita 30 kwa dakika. Ukiwa na abiria na gunia la makala (makaa), huku umevuta gesi hadi mwisho, injini inaweza kudai mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Robine inayojaza chupa ya nusu lita kwa dakika mbili ina nafasi ya kutosha. Inayotoa uzi mwembamba unaokatikakatika itakuaibisha barabarani. Pima tangi likiwa na petroli kidogo, kwa maana tangi lililojaa husukuma kwa uzito wake na kuficha kasoro.

Njia ya kwanza: kufufua robine ya zamani

*Kukaa kwenye tangi.* Hapa hakuna mshindani, kwa sababu ndiyo iliyozaliwa na tangi hilo. Kinachoweza kuharibika ni uso wa kukalia, ambao hupinda pale mtu aliyetangulia alipokaza skrubu kwa hasira ili kuzuia uvujaji. Tandika msasa laini juu ya kipande cha kioo, weka uso wa robine juu yake, uisugue kwa mzunguko wa namba nane bila kuikandamiza; baada ya dakika chache utaona sehemu zilizoinuka zinang'aa na mabonde yamebaki meusi. Endelea hadi weusi uishe.

*Kuziba.* Kila kitu kinategemea mpira utakaoweka. Mpira sahihi ni wa naitraili, au Viton ukiupata, kwa sababu aina hizo huvumilia petroli. Mafundi wetu wengi hukata gasketi kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, nami siwalaumu, kwani ndio ulio mkononi. Lakini mpira huo hunywa petroli na kuvimba, matundu manne yanabanwa, kishikio kinakuwa kigumu, na siku ya tatu mtiririko unakufa. Kama huamini, kata kipande, chora mzunguko wake kwenye karatasi, kilaze ndani ya petroli katika chupa ya kioo hadi asubuhi, kisha ukirudishe juu ya mchoro. Jaribio hilo ndilo lililonifanya niache ubishi. Silikoni ya bomba nayo usiitumie hapa. Hulainika, hunyofoka na kuishia kwenye jeti ya kabureta. Kwa robine za kale za Kiingereza zinazotumia kizibo cha gome la mti, lile la vizibo vya chupa za mvinyo, tatizo huwa kinyume: kizibo kikikaa bila petroli hukauka na kusinyaa, na mara nyingi kukichemsha kwenye maji hukirudishia unene wake kwa muda.

*Mtiririko na akiba.* Vinabaki kama kiwanda kilivyopanga, mradi usafishe mrija na wavu. Tope jekundu utakalolikuta kwenye kikombe cha mashapo kwa kawaida ni kutu ya tangi, na kama ni jingi, safisha tangi kwanza.

*Uhai.* Mwili wa zamani uliotunzwa unaweza kuishi miaka mingine mingi, na kila baada ya muda utabadilisha mpira tu. Zile zilizofungwa kwa riveti badala ya skrubu zinahitaji riveti zitobolewe na kuchongewa hesi ndogo (meno ya skrubu), kazi inayowezekana kwa mkono uliotulia. Bodi iliyopasuka ni habari nyingine. Nilijaribu gundi ya chuma ya mirija miwili kwenye ufa wa robine yangu. Ilishika wiki tatu, kisha unywele ule ukaonekana tena, palepale. Aloi ya zinki huyeyuka kwa moto mdogo sana kiasi kwamba mchomeleaji wa kawaida ataimwaga kabla ya kuiunganisha.

*Gharama na muda.* Ni gharama ya mpira, oringi na mchana mmoja.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye robine ambayo bodi yake ni nzima, na anayependa pikipiki ibaki na viungo vyake vya asili.

Njia ya pili: kununua mpya ya bei nafuu sokoni

*Kukaa kwenye tangi.* Kwenye vibanda vya vipuri vya soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) utawekewa mezani robine nyingi za kutoka China na India, zilizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki za manseba, yaani waendesha teksi za pikipiki, na baadhi yake zitakubali kukaa kwenye tangi la zamani. Usiulize kwa jina la pikipiki. Muuzaji atakuambia "hii inaingia zote". Nenda na kipimo. Kwa pikipiki nyingi za Kijapani zenye skrubu mbili, umbali kati ya kitovu cha tundu moja na kitovu cha lingine ni milimita 34, lakini zipo za 44 na za vipimo vingine. Njia rahisi ya kupima bila kukosea ni kuanzia ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa lingine, kwa sababu vitovu havionekani ila kingo zinaonekana. Honda nyingi ndogo za zamani hufungwa kwa nati moja kubwa, kwa hiyo kwao robine ya skrubu mbili haifai hata ikiwa ya dhahabu. Angalia pia mdomo wa kutolea unaelekea wapi, na kama unene wake unalingana na mpira wako wa petroli. Mpira uliovutwa kwa nguvu juu ya mdomo mnene hupasuka kwenye ukingo.

*Kuziba.* Ni bahati nasibu, lakini ni bahati nasibu unayoweza kuichungulia kabla ya kucheza. Geuza kishikio kwenye nafasi ya kufunga, weka mdomo wa kutolea kinywani na upulize: hewa isipite kabisa. Kisha zungusha kishikio mara ishirini na upulize tena. Nimewahi kurudisha robine mbili kwa jaribio hilo papo hapo mezani, na muuzaji, ambaye mwanzoni alicheka, mwishowe alianza kunipulizia mwenyewe ili kunichagulia iliyo nzuri.

*Mtiririko na akiba.* Hapa ndipo wengi hunaswa, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mrija wa ndani wa robine mpya haukupimwa kwa tangi lako. Chukulia sehemu ya chini ya tangi ina upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 20. Kila sentimita 1 ya mrija ni mililita 200 za akiba. Mrija wa sentimita 6 unakupa lita 1.2, zinazotosha kilometa 40 kwa unywaji ule wa lita 3 kwa 100. Mrija wa sentimita 3 unakupa lita 0.6 na kilometa 20. Kipushi iko kilometa 30 hivi kutoka mjini. Jirani yangu alifunga robine ambayo mrija wake ulizidi tundu la akiba kwa unene wa kidole tu, akaenda huko mwezi wa Oktoba akitegemea akiba aliyoizoea, na injini ilipokohoa akageuza kishikio, ikaenda kilometa chache tu, ikanyamaza. Alisukuma. Mrija mfupi unaweza kurefushwa kwa kipande cha mrija wa shaba unaoingia kwa kubana, na mrefu kupita kiasi unaweza kukatwa. Lakini lazima uupime mrija wa zamani kwanza, kabla ya kuutupa.

Hapo hapo nikumbushe kwamba tangi hukaa juu ya bomba la fremu kama gunia juu ya baiskeli, likining'inia pande mbili, na robine iko upande mmoja tu. Akiba ikiisha, ilaze pikipiki kuelekea upande wa robine. Petroli iliyonaswa upande wa pili itavuka, nawe utapata kilometa chache za kukufikisha kwa muuza chupa.

*Uhai.* Nyingi zimefungwa kwa riveti na bodi zake ni nyembamba. Zikichoka, hubadilishwa nzima.

*Gharama na muda.* Unaipata leo, na bei yake kwa kawaida haimfilisi mtu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeishi kwa pikipiki hiyo kila siku na asiyeweza kuiegesha, pamoja na anayehitaji kitu cha kumvusha huku akisubiri suluhisho la kudumu.

Njia ya tatu: kuagiza ya asili, au nakala nzuri, kutoka nje

*Kukaa kwenye tangi.* Ukiwa na namba ya kipuri na mwaka wa pikipiki, itakaa bila mjadala. Bila namba, unarudi kwenye kubahatisha, safari hii kwa gharama ya usafirishaji. Piga picha robine ya zamani pande zote nne, ukiweka rula kando yake, kabla ya kulipa chochote. Kwa pikipiki za Kiingereza kama BSA na Triumph za zamani, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa robine zake nyingi hutumia hesi ya robo inchi ya BSP (kipimo cha Kiingereza cha hesi za mabomba), yenye meno 19 kwa inchi na kipenyo cha nje cha karibu milimita 13.2, na robine za hesi hiyo bado zinatengenezwa.

*Kuziba.* Nzuri, kwa sharti moja. Robine ya asili "mpya" iliyokaa rafuni miaka 30 ina mpira wa miaka 30, na mpira hauhesabu kilometa. Ukiletewa ya namna hiyo, agiza na seti ya gasketi katika kifurushi hichohicho. Nakala mpya kutoka Ulaya au Japani mara nyingi huja na mpira mbichi, na kwa kigezo hiki peke yake zinaweza kuizidi ile ya asili.

*Mtiririko na akiba.* Kama kiwandani. Sina la kuongeza.

*Uhai.* Mrefu, na vipuri vyake vidogo huagizika.

*Gharama na muda.* Hapa ndipo mzani unapolemea upande wa pili. Kipande chenyewe huenda kikawa na bei ya kueleweka, lakini kuna usafirishaji, kuna ushuru, na kuna njia ndefu: kwa ndege hadi Luano, uwanja wetu wa ndege, au kwa meli hadi Dar es Salaam na kisha barabara kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Watu wengi wa hapa hupitisha vitu vidogo kwa ndugu au rafiki anayesafiri, nami nilifanya hivyo. Hesabu kwa wiki au miezi, wala usimpe mteja au padre ahadi ya tarehe.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeirudisha pikipiki katika hali yake ya kwanza, mwenye mashine nyingine ya kutumia wakati wa kusubiri, na yeyote ambaye robine yake ni ya umbo la pekee ambalo hakuna cha sokoni kinacholikaribia.

Njia ya nne: kukerezesha

Huu ni mji uliojengwa juu ya karakana. Wakereza vyuma waliojifunza kazi katika Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na kwenye reli bado wapo, au wapo wanafunzi wao, na mwenye mashine ya kukereza anaweza kukutengenezea kilicho adimu. Mzee niliyempelekea robine yangu aliigeuza mara mbili mkononi, akaniambia: "Papa, hii iliyovunjika usiitupe. Bila mfano mimi sikati chuma."

*Kukaa kwenye tangi.* Anachotengeneza kwa urahisi zaidi si robine nzima, bali kitako: bamba lenye matundu mawili ya kipimo chako upande mmoja, na hesi ya robo inchi ya BSP upande mwingine. Juu ya hesi hiyo unafunga robine ndogo ya tufe, ya robo mzunguko, kwa kuwa hiyo ni hesi ileile ya mabomba ya maji na gesi. Mwombe atumie shaba ya njano. Inachekesha kumwambia mtu wa Lubumbashi, mji wa shaba, asitumie shaba nyekundu, lakini hiyo ni laini na hung'ang'ania kisu cha mashine, na hesi zake hazipendezi.

*Kuziba.* Robine ya tufe yenye viti vya tefloni hufunga vizuri kupita zote nilizozitaja. Hakikisha muuzaji anakubali kwamba viti ni vya tefloni, si mpira wa maji. Utepe mweupe wa mafundi bomba unaweza kutumika kwenye hesi, ila acha meno mawili ya mwanzo wazi, kwa sababu nyuzi zake zikikatika zitasafiri hadi kwenye kabureta.

*Mtiririko na akiba.* Mtiririko ni mkubwa, lakini akiba hakuna. Ukiamua kuweka mrija mrefu, petroli iliyo chini yake haitafikiwa. Ukiweka mfupi, hutapewa onyo. Pikipiki nyingi za kale za Kiingereza zilitatua jambo hili kwa robine mbili, moja ikiwa ya akiba, na kama tangi lako lina nafasi mbili, unaweza kuiga. La sivyo, weka upya kihesabu kilometa kila unapojaza, au uzoee kutikisa tangi.

*Uhai.* Chuma chenyewe kitatuzika sote. Tatizo ni uzito: shaba ya njano ina karibu gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo, aloi ya zinki karibu 6.6, na aluminiamu 2.7. Kipande kirefu na kizito kikining'inia chini ya tangi jembamba kitatikiswa kwa kila shimo, na nyufa huanzia kwenye mshono wa kitako. Agiza kiwe kifupi iwezekanavyo. Tena, kishikio cha robine ya tufe kikiwa upande wa goti, siku moja goti litakifunga, kielekeze nyuma.

*Gharama na muda.* Inategemea mkereza na foleni ya kazi zake, kwa kawaida ni siku chache. Ni ghali kuliko ya sokoni, nafuu kuliko iliyovuka bahari.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye tangi la kipimo ambacho hakipatikani tena, na anayetanguliza kazi kuliko sura. Mwenye kupenda uasilia ataona aibu kila akiitazama.

Mambo mawili ya pembeni

Robine iliyong'olewa kwenye pikipiki ya mitrai (chuma chakavu) si njia ya tano. Ni njia ya kwanza iliyovaa shati la mtu mwingine. Inunue kama bodi ni nzima, kisha uihesabie mpira mpya.

Na kama pikipiki yako ni ya zile zilizoanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 zenye robine inayofunguliwa na mvuto wa injini, utaitambua kwa mpira wa pili mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Ukiibadilisha kwa robine ya mkono, ziba ule mdomo mdogo ulioachwa wazi, la sivyo injini itavuta hewa ya ziada na kupata joto kupita kiasi. Tena, kuanzia siku hiyo, ni wewe utakayefunga petroli kila unapoegesha.

Kwa hali yako

Kama kinachovuja ni kishikio au kikombe, na bodi haina ufa, anza na kufufua, hata kama una pesa ya kuagiza. Kama bodi imepasuka na pikipiki inakulisha, nunua ya sokoni leo kwa kipimo na kwa pumzi, lakini uweke mrija wa akiba sawa na wa zamani. Kama bodi imepasuka na pikipiki ni kumbukumbu ya nyumbani inayotoka Jumapili, agiza, na wakati wa kusubiri tangi likae tupu. Kama tangi ni la kipimo cha ajabu, au robine yake haiuzwi tena popote, mtafute mkereza. Mimi niliishia na mbili: ya sokoni ilinitembeza miezi minne, na ya asili ilipofika nikaifunga, nikaihifadhi ile ya sokoni chini ya kiti pamoja na bisibisi.

Yoyote utakayochagua, kazi ya kufunga ifanyike nje, tangi likiwa limemwagwa kwenye bidoni lenye kifuniko, mbabula na sigara vikiwa mbali, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi kwenye moto usioutarajia. Kwenye matangi mengine tundu la skrubu hupenya hadi ndani, kwa hiyo wosha za chini ya skrubu ziwe za nailoni au za faiba. Za chuma kavu zitavuja nawe utailaumu robine. Kaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na uache mapema kuliko mkono unavyotaka.

Usiku wa kwanza, usiunganishe mpira kwenye kabureta. Jaza tangi, funga robine, chomeka mpira kwenye shingo ya chupa ndogo ya kioo iliyo kavu, uache pikipiki uani. Tone linaloanguka sakafuni huyeyuka hewani kabla ya alfajiri na kukudanganya. Lililoanguka ndani ya chupa utalikuta.